Je, kutokuwa na dini nako ni dini?

Mwaka jana mpwa wangu, kijana aliyemaliza chuo kikuu hivi karibuni, aliibiwa simu na pochi ndani ya daladala. Nikafuatana naye hadi kituo kimoja cha polisi hapa Dar es Salaam kutoa taarifa. Askari aliyeandika maelezo aliuliza yale ya kawaida: jina, umri, kabila, kazi, makazi. Alipofika kwenye dini, kijana akajibu: "Sina." Askari akainua kichwa. "Huna vipi? Kila mtu ana dini." Akalitazama lile jina aliloliandika juu, kisha bila kuuliza tena akaandika: Mwislamu.

Ndugu msomaji, kijana huyu nilimpeleka madrasa kwa mkono wangu mwenyewe, na juzuu Amma aliihifadhi yote kabla hajafika darasa la tatu. Tulipotoka nje nilikuwa na hasira, na hasira ikanipa jibu la haraka. Nikamwambia: "Unajidanganya. Huko kutokuamini kwako nako ni dini, ila yako haina msikiti." Akanijibu kwa adabu, lakini kwa jibu ambalo vijana wenzake wameshalizoea: "Mjomba, kama kutokuamini ni dini, basi hata asiyecheza mpira tumwite mchezaji."

Nilinyamaza. Hoja ile niliyoitoa nimeisikia mara nyingi kwenye mihadhara, na kila inapotolewa watu huitikia kwa takbira. Siku ile ndipo nilipojiuliza kwa mara ya kwanza: hivi hoja hii ni ya kweli, au ni tamu tu masikioni?

Tuwape haki yao wanaoitetea. Mwaka 2005, mahakama moja ya rufaa ya shirikisho huko Marekani ilisikiliza kesi ya mfungwa wa jimbo la Wisconsin aliyetaka kuanzisha kikundi cha wafungwa wa kujifunza ukanamungu. Mahakama ikasema kwamba, kwa madhumuni ya kulinda haki za kikatiba, ukanamungu wake ulistahili kuhesabiwa sawa na dini. Kabla ya hapo, mwaka 1993, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kuwa uhuru wa dini unawalinda wanaomwamini Mungu na wasiomwamini pia.

Lakini tukitazama vizuri, vyombo hivyo havikusema kuwa mkanamungu anaabudu. Vilisema analindwa. Mwavuli mmoja ukiwafunika watu wawili wakati wa mvua hauwafanyi kuwa ndugu.

Wengine hutumia historia. Watasema, tazama Urusi ya Wakomunisti. Mwaka 1925 iliundwa jumuiya ya wapiganaji wa ukanamungu, ikawa na wahubiri wake, magazeti yake na mikutano yake. Mwili wa Lenin uliwekwa Moscow tangu mwaka 1924, watu wakapanga foleni kwenda kuuangalia kama wanaokwenda kuzuru kaburi la walii. Tazama Albania, nchi ambayo wananchi wake wengi walikuwa na asili ya Uislamu. Mwaka 1967 serikali ya Enver Hoxha ilifunga misikiti na makanisa yote, ikajitangaza kuwa nchi isiyo na Mungu, na hali ikabaki hivyo mpaka marufuku ilipoondolewa mwaka 1990.

Hayo ni kweli, na machungu yake Waislamu wa huko wanayajua. Hata hivyo, kilichofanana na dini pale hakikuwa kule kukana Mungu peke yake. Kilikuwa ni chama, kiongozi asiyekosolewa na ahadi ya pepo ya duniani. Kukana Mungu kulisafisha kiwanja tu, halafu juu yake kikajengwa kitu kingine. Mpwa wangu hana chama wala kiongozi. Ana kiwanja kitupu.

Hebu sasa turejee kwenye Qur'ani yenyewe, tuone inavyolitumia neno hili. Katika Surat al-Kafirun, njia ya makafiri wa Makka nayo inaitwa dini. Katika Surat Yusuf, aya ya 76, sheria ya mfalme wa Misri inaitwa dini ya mfalme. Kumbe dini kwa maana hiyo ni pana kuliko ibada. Ni ile njia na sheria ambayo mtu anaikubali kuwa juu yake.

Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu wanaliweka neno hilo chini ya shina moja na neno ambalo kwetu limekuwa deni. Kiswahili kimeyapokea yote mawili, dini na deni, na sisi tunayatamka kila siku bila kuona undugu wao. Mwenye dini ni mtu anayekubali kwamba anadaiwa, na kwamba iko siku ya kulipa.

Kwa upande mwingine, Surat al-Jathiya, aya ya 24, inawataja wale wanaosema kuwa hakuna ila maisha haya ya dunia na kwamba kinachowaangamiza ni dahari, yaani kupita kwa zama. Hao ndio wanazuoni wetu wa zamani waliwaita madahriya. Qur'ani haikusema kuwa kauli yao hiyo ni imani. Imesema kuwa hawana elimu nayo, wanadhani tu. Ni dhana. Hata yale mabango yaliyobandikwa kwenye mabasi ya London mwaka 2009 yalisema kuwa huenda Mungu hayupo. Huenda! Wenyewe wamekiri.

Hapa ndipo nilipoona hatari ya hoja yangu. Ninapomwambia kijana "hata wewe unaamini tu", ninakuwa nimekubali kimyakimya kwamba kuamini maana yake ni kukisia bila ushahidi, na kwamba mimi na yeye wote tunabahatisha. Nimemvuta yeye chini hatua moja, lakini nimeishusha imani yangu hatua kumi. Imani katika Uislamu inajengwa juu ya yakini. Inatoka katika shina moja na amani na amana. Dhana tuiite dhana, wala tusiipe heshima ya jina la imani ili tu tushinde mabishano ya njia moja.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Kukana Mungu si dini. Ni kukataa kwamba unadaiwa na Aliyekuumba, na hilo ni kosa kubwa kuliko yote. Lakini bado kila mwanadamu anakubali kudaiwa na mtu au kitu fulani. Swali la kumuuliza mkanamungu ni hili: wewe unadaiwa na nani?

Nilimuuliza mpwa wangu swali hilo wiki iliyofuata, tukiwa barazani kwangu. Akafikiri kidogo. "Nadaiwa na mama," akasema. "Nadaiwa na wewe mjomba, maana ulinilipia ada." Nikamuuliza, sisi tukishakufa, deni litakuwa limefutika? Hakunijibu. Badala yake naye akaniuliza: "Na nyinyi mnaosema mnadaiwa na Mungu, mbona hamlipi? Nyumba ya baba iko wapi?"

Ndugu msomaji, hapo nilishindwa kumtazama usoni.

Baba yake alifariki kijana akiwa na miaka tisa. Wazazi wa marehemu walikuwa wameshatangulia, na huyu ndiye mtoto wake pekee. Mirathi yake haikuwa na utata hata kwa mwanafunzi wa madrasa: mjane apate thumni, kilichobaki chote ni cha mtoto wa kiume, na ndugu wa marehemu hawarithi kitu akiwepo mtoto huyo. Lakini baba zake wadogo walikaa kikao, wakasema nyumba ni ya ukoo, wakaiuza. Walikaa kikao hicho baada ya swala ya Ijumaa, wakiwa na kanzu zao. Nami nilikuwepo. Nikasema moyoni kwamba mimi ni shemeji tu, mambo ya ukoo wao hayanihusu. Dada yangu alilia, nikamwambia asubiri, Mungu yupo.

Mtoto alikuwa amekaa mlangoni, anasikiliza.

Usiku ule nilisoma sura ambayo yeye aliihifadhi akiwa mdogo, nami nimeiswalisha mara zisizohesabika. Surat al-Maun inaanza kwa kuuliza kama umemuona yule anayekadhibisha dini. Nilitarajia nini? Labda mwanafalsafa, labda mtu anayeandika vitabu vya kumkana Mungu kule Ulaya. Jibu la sura linakuja mara moja: ni yule anayemsukuma yatima. Kisha adhabu inatajwa kwa wanaoswali huku wameghafilika na swala zao. Wafasiri wengi wanaeleza kuwa dini hapo ni siku ya malipo. Basi ni lile lile deni.

Sisemi haya ili kumpa kijana udhuru. Dhuluma ya ami zake haiwi hoja ya kwamba Mungu hayupo, na hilo nimemwambia waziwazi. Kama hakuna wa kuhukumu, dhuluma ile ndiyo imepita hivyo, na walioila nyumba wameshinda. Nilipomweleza hivyo alikaa kimya muda mrefu, akasema: "Hilo nalo nimeshaliwaza, mjomba."

Lakini nasema haya kwa sababu tunapenda mno kumuuliza mkanamungu ana dini gani, ilhali wengi wetu dini yetu ni ile iliyoandikwa na kalamu ya askari: kaangalia jina, akajaza. Kukadhibisha kwa ulimi kumekuwa kwa kijana mmoja. Kukadhibisha kwa vitendo kulifanywa na kikao kizima, na mimi nikiwa shahidi mnyamavu.

Nimeshawafuata wale baba zake wadogo. Wawili wamenifukuza. Mmoja, ambaye sasa ni mzee na mgonjwa, amekubali tukae mbele ya sheikh na kuhesabu fungu alilochukua. Kijana bado haswali. Nilipomwambia kuhusu kikao hicho aliuliza kitu kimoja tu, kama naye anaruhusiwa kuhudhuria. Nimemwambia ndiyo, na safari hii asikae mlangoni.

Wallahu a'lam.