Ubainifu wa Kuuza Gari Lililozama Majini

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na akaharimisha riba na khiyana. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na ali zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Biashara ya magari yaliyokwisha tumika imeenea mno katika zama hizi. Huja melini kutoka Japani na Dubai hadi Mombasa na Dar es Salaam, na kutoka hapo mengine huvuka kwenda Unguja, na mengine hupanda bara mpaka Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Ni biashara ya halali, na ndani yake mna riziki za watu wengi. Lakini imeingiliwa na maradhi yanayostahiki kubainishwa: gari lililozama katika gharika huoshwa, likakaushwa, likang'arishwa, kisha likauzwa kwa mtu asiyejua kama kwamba halikupatwa na kitu.

Na gharika si jambo la nadra. Tarehe 29 Agosti mwaka 2005 tufani liitwalo Katrina liliufunika kwa maji mji wa New Orleans katika Marekani, na magari yaliyozama huko yakaonekana baadaye yakiuzwa katika majimbo mengine, vyeti vyao vimebadilishwa. Tarehe 11 Machi mwaka 2011 bahari iliingia katika pwani ya mashariki ya Japani ikachukua magari kama ichukuavyo vifuu vya nazi. Na tarehe 16 Aprili mwaka 2024 mvua kubwa ilinyesha katika nchi za Imarati, hata pahala pamoja karibu na Al Ain pakapimwa milimita 254 katika muda usiotimia siku moja, kiasi kisichopata kuonekana huko tangu walipoanza kuandika hesabu za mvua mwaka 1949. Na magari yakaelea katika njia za Dubai. Masika ya mwaka huo huo yaliijaza maji Nairobi na sehemu nyingi za Tanzania. Basi mwenye kusema kuwa jambo hili ni la mbali, halikumfika, na atazame mlangoni pake.

Suali linaloulizwa

Mtu ana gari, naye anajua kuwa lilizama. Anataka kuliuza, na mnunuzi hakuuliza. Je, ni juu yake kusema? Na ikiwa yeye mwenyewe aliuziwa hali ya kuwa hajui, akagundua baadaye, je, ana ruhusa kulitoa kama alivyolipokea?

Maji hufanya nini katika gari

Hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Maji hayashindiliwi kama hewa. Yakiingia ndani ya silinda hali injini inazunguka, fimbo ya pistoni hupinda au huvunjika. Yakichanganyika na mafuta, mafuta hugeuka rangi ya maziwa, na vyuma vikasagana. Haya huonekana mapema, na madhara yanayoonekana mapema ndiyo mepesi.

Mazito ni yale yanayojificha. Gari la leo lina waya nyingi mno, na kompyuta ndogo ndogo zinazotawala injini, breki, na mifuko ya hewa inayomkinga mtu wakati wa ajali. Maji yakifika katika maungio ya waya huacha tope na unyevu, kutu ikaanza kula kidogo kidogo. Na maji ya bahari ni mabaya zaidi kuliko ya mvua, kwa sababu chumvi hubaki hata baada ya maji kukauka. Siku ya kuuzwa gari linawaka, taa zinang'aa, breki zinashika. Baada ya miezi, penye mteremko, breki zikakosa kutii. Au mfuko wa hewa ukakosa kufunguka siku ulipohitajiwa. Au waya zikagusana usiku moto ukawaka. Aliyeuza yuko kwake amelala, na bei amekwisha kula.

Hapa ndipo penye uzito wa masuala haya. Nguo iliyotoboka humdhuru mnunuzi katika mali yake. Gari lililooza ndani humdhuru katika roho yake, na roho za mkewe na wanawe, na za abiria waliolipa nauli, na za mpita njia asiyejua hata kuwa kulikuwa na mauzo.

Dalili

Imamu Muslim amepokea kwa Abu Huraira, Mungu amwie radhi, kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikagusa maji. Akamuuliza mwenye chakula habari ya jambo lile. Akajibu kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule uliorowa juu watu wauone. Kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika wafuasi wake.

Na ajue msomaji kuwa katika hadithi hii mna mafunzo matatu yanayoingia katika masuala ya gari kama mkono unavyoingia katika mkono wa kanzu. La kwanza, yule mtu hakusema uwongo; alipoulizwa alisema kweli papo hapo. Juu ya hayo alilaumiwa, kwa kuwa kosa lake lilitangulia suali: aliweka kikavu juu na kibichi chini. Basi kunyamaza pamoja na kupamba ni kusema, na kauli hiyo ni ya uwongo.

La pili, mvua ile ilitoka mbinguni. Haikuwa kosa lake. Wala Mtume hakumlaumu kwa kunyeshewa. Msiba ulioshuka juu ya mali ya mtu ni kadari ya Mola wake juu yake, na akisubiri ana malipo. Anapouficha akamvika mwenzake, huwa ameutoa msiba pale Mungu alipouweka akaupeleka kwa mtu aliyesalimika nao.

La tatu, Mtume hakumkataza kuuza kile chakula. Alimtaka akidhihirishe tu. Kwa hivyo gari lililozama si najisi wala si haramu kuuzwa. Lina vyuma, lina magurudumu, lina vioo na milango inayofaa. Na liuzwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Na mfano wake ni mnyama aliyeachwa siku kadha bila kukamwa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani kuwa ana maziwa mengi. Mtume (S.A.W.) amekataza hayo, na aliyenunua akampa khiyari ya kumshika au kumrudisha. Zulia jipya juu ya sakafu yenye tope, na manukato yanayofukizwa kuficha harufu ya ukungu, ni kiwele kilichofungwa.

Hukumu katika madhehebu ya Imamu Shafi

Mafakihi wameeleza kuwa ila inayompa mnunuzi haki ya kurudisha ni kila upungufu katika kitu chenyewe au katika thamani yake unaopoteza makusudio sahihi ya mnunuzi, maadamu aghlabu ya vitu vya jinsi ile husalimika nao. Gari kuzama kumekusanya yote: kitu kimepungua, thamani imepungua, na makusudio ya kusafiri kwa amani yamepotea. Na ila hii ilikuwako kabla ya kuuza, hata kama kutu imedhihiri baadaye.

Basi mauzo yenyewe husihi, lakini muuzaji aliyejua akaficha amepata dhambi, na mnunuzi ana khiyari. Na khiyari hii ni ya papo hapo. Atakapojua, aache kulitumia gari, wala asikawie pasina udhuru. Akijua usiku angoje asubuhi, akiwa katika sala au chakula amalize. Ama akiendelea kulipanda mwezi mzima hali anajua, kama aliyeridhia, haki yake ya kurudisha huanguka. Na likipatwa mkononi mwake na ila mpya, hawezi tena kumlazimisha muuzaji kulipokea; watapatana, au atarudishiwa fungu la bei kwa kadiri ya upungufu ule wa kale.

Shubha zinazoletwa na majibu yake

Huenda akasema msemaji: "Nalimwambia mnunuzi kuwa gari linauzwa kama lilivyo, wala sina dhamana ya ila yoyote." Jawabu: qauli yenye nguvu katika madhehebu, kama alivyoiweka Imamu Nawawi katika Minhaji, ni kuwa sharti hili humwepusha muuzaji na ila ya ndani ya mnyama asiyoijua, wala si nyingine. Mnyama hula na kuugua bila mwenyewe kujua. Gari halina udhuru huo, na mwenye kujua hana udhuru kabisa. Amepokea Imamu Malik katika Muwatta kuwa Abdalla bin Umar aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti hilo, mnunuzi akashitaki ugonjwa. Sayyidna Uthman akamtaka Ibn Umar aape kuwa hakujua ila yoyote. Akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa kwake, naye akapona, akamwuza kwa dirhamu 1500. Sahaba huyu aliogopa kiapo kuliko hasara, na hasara haikumfika.

Na huenda akasema mwingine: "Mnunuzi ana macho, na atazame." Kweli, imempasa kutazama. Lakini uzembe wa mwenye nyumba haumhalalishii mwizi kuingia.

Na wa tatu husema, naye ndiye wa kuhurumiwa: "Nami niliuziwa hivi hivi. Nimetia humo akiba ya miaka kumi, na deni juu yake. Nikisema kweli sitapata hata nusu. Watoto watakula nini?" Maneno haya hayajibiwi kwa ukali. Mtu huyu amedhulumiwa, na mwenye kudhulumiwa ana haki. Lakini haki yake iko kwa aliyemdhulumu. Kwa mnunuzi wa kesho hana haki yoyote, kwani mtu yule hakumtenda jambo. Na katika kanuni za fikihi, dhara haiondolewi kwa dhara mfano wake. Akiipitisha, hakuiondoa dhuluma duniani, ameiongezea mtu mmoja tu. Na huyo wa pili naye atakuwa na watoto, atasema maneno yale yale, mpaka gari lifike kwa mnyonge wa mwisho asiye na wa kumpitishia, limwue. Na ajiulize kila mwenye gari kama hili: lau yule aliyemwuzia yeye angalisimama mbele yake akitaja watoto wake, je, angalimsamehe?

Basi njia yake ni kudai kwa aliyemwuzia. Mahakama ya Kadhi katika Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, husikiza mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Kwa hivyo daawa ya gari hupelekwa katika mahakama nyingine. Na asipopata haki yake, aliuze kwa ubainifu, japo vipande vipande, na kilichobaki amwachie Mwenye siku ya hesabu. Na jamaa na majirani wanaoona mtu amechagua kupata hasara kuliko kughushi, ni wajibu wao kumsaidia katika deni lake. Kwani ukweli ukiachiwa maskini peke yake aubebe, wengi watautupa.

Juu ya dalali na fundi

Wala si muuzaji peke yake. Imamu Ahmad amepokea kuwa Wathila bin al-Asqa'i alimwona mtu amenunua ngamia, akamuuliza kama anamtaka kwa nyama au kwa safari. Akasema anataka kwenda naye Hija. Wathila akamjulisha kuwa kwato ya ngamia yule ina tundu. Mwenye ngamia alipolalamika kuwa amemharibia biashara, Wathila akataja kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akiwajibisha kubainisha kwa muuzaji na kwa kila mwenye kujua. Basi fundi aliyefungua gari akaona tope nyuma ya saa zake, na dalali aliyeelezwa habari zake, wakinyamaza kwa ajili ya bakshishi, wameshiriki.

Juu ya mnunuzi

Rahisi huvunja upishi. Gari likiwa bei yake ni chini mno ya wenzake, na aulize sababu. Na aitake karatasi ya mnada ieleze hali yake, wala asitosheke nayo, kwani karatasi hughushiwa. Ainue zulia apapase. Avute mkanda wa kiti mpaka mwisho wake aone kama una mstari wa maji. Atazame kutu katika springi za viti na skurubu zilizo chini, na ukungu ndani ya taa. Tena asende peke yake, aende na fundi asiyefungamana na muuzaji. Na akinunua gari lililozama hali anajua, amemsamehe muuzaji haki yake. Hakuwa na mamlaka ya kusamehe haki za abiria. Asibebe roho za watu ndani yake mpaka litengenezwe na kujaribiwa na wanaojua.

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Hakim bin Hizam, wenye kuuziana wakisema kweli na wakabainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kudanganya baraka huondolewa. Na baraka ikiondoka, pesa hubaki mfukoni kama maji yaliyobaki ndani ya gari: hayaonekani, na yanakula.

Mwenyezi Mungu awajaalie wafanya biashara wa Kiislamu kuwa wakweli, awalinde wasafiri wa barabarani, na awape subira na badali njema wale waliodhulumiwa. Amin.

Wa billahi ttaufiq.