Mwalimu aliyeandika "amelipa"

Wiki hizi watoto wetu wanarudi shuleni, nami nimemkumbuka mwalimu wangu wa darasa la sita kule Fizi, Kivu ya Kusini. Ilikuwa mwaka 1993, nchi yetu bado ikiitwa Zaire.

Miaka ile mshahara wa walimu kutoka serikalini ulikuwa kama haupo. Wazazi ndio waliowabeba, kwa ule mchango tuliouita "prime". Wenzangu wa Kongo mnakumbuka. Jumatatu asubuhi mkurugenzi wa shule anaingia na karatasi, anasoma majina, na wasiolipa wanakusanya madaftari yao na kurudi nyumbani. Elimu ya msingi ya bure ilianza kutekelezwa kwetu mwaka 2019, wakati wengi wetu tulikuwa tumekwisha kukimbia.

Baba yangu hakulipa mwaka ule. Hata hivyo jina langu halikusomwa hata mara moja. Nilidhani ni maombi ya mama. Kumbe mwalimu wangu, ambaye ndiye aliyeshika daftari la malipo, aliandika mbele ya jina langu: "amelipa". Nililijua hili hapa Nakivale mwaka 2011, kwa mzee mmoja aliyefundisha naye. Alinisimulia akicheka, halafu akanyamaza kidogo, akasema: "Lakini Mchungaji, ile pesa tulikuwa tunagawana. Na mimi nilikuwa na watoto wanne."

Je, mwalimu wangu alitenda mema au mabaya?

Kwenye chuo cha Biblia tulibishana sana juu ya Shifra na Pua, wale wazalishaji waliomdanganya Farao ili watoto wa Waebrania wasiuawe. Agostino alifundisha kwamba Mungu aliwabariki kwa ajili ya huruma yao, si kwa ajili ya uongo wao. Nilipokuwa mwanafunzi jibu hilo lilinitosha. Leo halinitoshi, maana wale wanawake walimdanganya mfalme mwenye jeshi. Mwalimu wangu aliwadanganya walimu wenzake, maskini kama yeye, na huruma yake ililipwa na watoto wanne ambao hawakuulizwa. Huyu anafanana zaidi na yule wakili wa Luka 16, aliyepunguza madeni kwa mali isiyo yake. Na tunajua sote jinsi sisi wahubiri tunavyouzunguka mfano ule!

Tena kuna jambo linaloniuma kuliko hilo. Niliketi benchi moja na mvulana ambaye baba yake alikuwa maskini kuliko baba yangu. Jina lake lilisomwa. Alitoka, hakurudi tena, na baadaye nilimwona ufukweni akivuta nyavu. Kwa nini mimi, na si yeye? Nadhani ni kwa sababu mimi nilijua hesabu. Mwalimu aliwahurumia aliowaona wana faida. Mimi ninayewaandikia haya nimesoma kwa huruma ya namna hiyo, na siwezi kuirudisha. Kumshukuru mwalimu ni lazima, nami namshukuru. Lakini nikimshukuru pasipo kumtaja yule mvulana, naona nimesema nusu.

Sasa kalamu iko mkononi mwangu. Katika kamati ya wazazi mimi ndiye ninayetunza orodha ya michango. Muhula uliopita nilifika kwenye jina la mtoto mmoja, binti mwenye akili sana, ambaye mama yake hana kitu. Kalamu ilisimama. Niliandika "hajalipa". Kisha nikaenda mbele ya kamati nikawaombea wote watano waliokuwa katika hali ile, bila kuchagua mwenye akili na asiye na akili. Kamati ilikubali, baada ya vikao viwili. Lakini binti yule alikaa nyumbani siku tisa, na mtihani wa katikati ya muhula ulimpita.

Nilimweleza mama yake kwa nini nilifanya hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Jumapili alinisalimu mlangoni pa kanisa, "Bwana asifiwe, Mchungaji," akapita. Zamani alikuwa hapiti bila kuuliza habari za watoto wangu.