Mgawo Usio Sawa

Katika baraza moja hapa Griftu, katika kaunti yetu ya Wajir, mtaalamu wa mipango alituambia kuwa maumbile yenyewe hayagawi sawa: seli moja huzaa mbili zisizofanana, na mwili hustawi. Kwa hiyo Wajir isishangae kupata fedha kidogo. Wazee walinyamaza kwa adabu. Mimi hoja ile imeninyima usingizi.

Kwamba seli mama huweza kuzaa mabinti wawili wenye hatima tofauti, hilo halina ubishi. Kinachonikera ni ile "kwa hiyo". Tutazame kinachogawanywa. Seli inayozaa kiungo cha hisi cha nzi Drosophila husukumia protini iitwayo Numb upande mmoja kabla ya kugawanyika. Binti anayeipokea huzaa neva. Mwenzake huzaa unywele na kitundu chake. Lakini kromosomu, yaani maagizo yote ya uhai, kila mmoja hupewa seti kamili. Na unywele bila neva hauhisi kitu. Hapo tofauti imejengwa juu ya urithi ulio sawa, na kila upande unamhitaji mwenzake.

Sasa tuchukue Waraka wa Serikali ya Kenya Namba 10 wa 1965. Ulitaka fedha za maendeleo zielekezwe kwenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme. Huko ni kumwongezea aliyenacho. Tena seli haina hiari wala haulizwi. Aliyeandika waraka alikuwa na kalamu na angeweza kuandika vingine. Anayejificha nyuma ya seli anakana kuwa aliamua.

Wapo watakaonikumbusha kuwa yai la binadamu hubaki na karibu utomvu wote na seli ndugu yake ndogo hufa. Ni hoja ya haki.

Tena upo mfano mgumu zaidi, ambao mimi huurudia daima: damu ya ngamia. Seli zake nyekundu zina umbo la yai, na ngamia mwenye kiu anapokunywa maji mengi kwa mara moja, seli hizo huvimba bila kupasuka. Ili seli hiyo ikomae hukitoa kiini chake nje, nacho humezwa na seli nyingine. Imepoteza maagizo yote, na bado ndiyo inayobeba hewa ya kila kiungo. Je, imedhulumiwa? Sijui niseme nini, na hapa hoja yangu ya urithi sawa inayumba.

Ila kifungu cha 204 cha Katiba ya 2010 hakiyumbi: nusu asilimia ya mapato ya serikali ya kitaifa kila mwaka iende kwenye maji, barabara, afya na umeme wa maeneo yaliyoachwa nyuma. Wewe unayeketi kwenye kamati ya bajeti, anzia hapo.