Kamera Niliinunua. Picha Je?

Kwenye rafu ya chumbani kwangu kuna kamera 11 za filamu. Nyingi ni Zenit za Kisovieti na Yashica za Kijapani, zile zilizolisha familia za wapiga picha wetu kabla simu hazijawanyang'anya wateja. Nilikuwa najisifu kwamba naziokoa. Hiyo ya 11 ndiyo iliyoniachisha kujisifu.

Niliinunua Tabora mwaka jana, nilipokwenda kuandika habari za tembe la Kwihara, walikokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872. Mjini nikaelekezwa nyumba ya mpiga picha mmoja aliyekwisha kufariki. Kijana wake akanitolea Yashica ya lenzi mbili, ile unayoichungulia kwa juu umeinamisha kichwa kama mtu anayeomba dua.

"Bado inapiga, kaka?" akaniuliza.

Nikaangalia kidirisha cha namba: 9. Filamu ya kamera ile hutoa picha 12. Kumbe filamu ilikuwamo, na marehemu hakuimaliza. Nikajibu, "Inaonekana inapiga," nikalipa shilingi 80,000, nikaondoka upesi.

Sikusema uongo. Lakini nilinyamaza kwa sababu nilijua nikitamka neno "filamu", kijana angeitaka. Na mimi niliitaka zaidi kuliko kamera yenyewe.

Sisi wakusanyaji tuna hoja yetu: bila sisi, vitu hivi vingeishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ni kweli. Lakini kuokoa kitu hakukufanyi uwe mwenye kila kilichomo ndani yake.

Nikiwa Kwihara nilikumbuka kisa kinachofanana na changu. Oktoba 1873, Chuma na Susi walifika huko huko Unyanyembe wakiwa wamebeba mwili wa Livingstone. Wakamkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kutoka Uingereza kumsaidia huyo huyo marehemu. Cameron akawashauri wamzike pale pale, wakakataa. Akachukua sehemu kubwa ya vifaa vya kupimia vya Livingstone, akaendelea na safari yake mpaka pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Unaweza kumlaumu, unaweza kumtetea: kifaa ni cha kufanyia kazi, na mwenyewe alikuwa ameshamaliza yake. Lakini alipofika Ujiji mwaka 1874 akakuta makaratasi ya Livingstone, hakuyafanya yake. Aliyatuma kwao. Hata yeye aliona kwamba kipimio ni kitu kimoja, na kilichoandikwa kwa kipimio hicho ni kingine.

Mimi nilikuwa nimechukua vyote viwili.

Kuna jambo lingine, na hili halihitaji vitabu. Kwetu, mtu akifa, kabla hajazikwa watu hutangaziwa: anayemdai marehemu ajitokeze. Mpiga picha wa mtaani alikuwa akipokea hela kwanza, picha baadaye. Kwa hiyo zile picha tisa hazikuwa sanaa iliyosahaulika, wala hazina ya kuniletea sifa mtandaoni. Lilikuwa deni. Huenda familia iliwalipa wadai wote wa fedha ikadhani imemaliza, kumbe deni jingine liko kwangu, kwenye rafu, nalipangusa vumbi kila Jumamosi.

Nilikaa miezi minne kabla ya kupiga simu. Kijana alimpa mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umepatwa na nini?"

Nikamweleza yote, na kunyamaza kwangu nikakutaja. Akakaa kimya kidogo. Hakunigombeza, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Hizo ni za watu," akasema. "Mmoja alikuja hapa mara mbili, tukamwambia hatuna. Akaondoka anadhani tumemdhulumu. Zisafishe, mwanangu, halafu uje nazo mwenyewe. Daftari lake ninalo."

Rafiki yangu mwenye chumba cha giza ndiye aliyeisafisha. Filamu ilikuwa imeshachoka. Zimetoka picha tano, nne zimekuwa ukungu mtupu. Katika tano hizo kuna bibi aliyeketi kwenye kiti cha plastiki, wanafunzi wawili waliovalia sare, na mtoto aliyeanza kulia kabla kifyatuo hakijabonyezwa.

Msomaji, najua utauliza kwa nini sijaziweka hapa. Zingependeza sana juu ya makala hii. Lakini wenyewe hawajaziona, na siyo haki wewe uwatangulie. Ijumaa napanda treni kwenda Tabora na bahasha ya picha tano. Kamera nayo naichukua. Mama akisema nibaki nayo, nitabaki nayo. Asiposema, rafu yangu itakuwa na kamera kumi, na kumi zinatosha.