Kipimo cha Mwanakisomo

Je, ni haki mtu mzima apimwe kama apimwavyo mtoto? Swali hili huonekana kuwa la walimu tu, lakini kiini chake ni utu.

Mtoto hupelekwa shule na wazazi wake, na shabaha ya masomo yake huwekwa na wakubwa. Mtu mzima huja na haja aijuayo mwenyewe: kusoma stakabadhi ya pamba yake, au kumwandikia mwanawe aliye mbali bila kumfungulia jirani siri za nyumba. Kipimo kisichoitazama haja hiyo humpima mtu mwingine.

Taifa letu lilikwisha kukutana na swali hili. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Agosti 1975 mamilioni ya wanakisomo walifanya mtihani wa taifa. Matokeo yalipangwa katika hatua nne. Aliyefikia hatua ya nne alitazamiwa aweze kusoma gazeti, kuandika barua na kuweka hesabu za shughuli zake. Hapo kipimo kilikaribia maisha. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika, waliokuwa asilimia 67 mwaka 1967, walikuwa wamepungua hadi asilimia 39. Taifa lilihitaji hesabu hiyo ili lijue limefika wapi. Lakini hesabu hiyo haikuweza kumwambia mkulima mmoja kama haja iliyomtoa nyumbani imetimia. Jibu hilo analo yeye.

Wapo watakaosema: basi mwanakisomo na ajipime mwenyewe, mwalimu anyamaze. Tena mwalimu akiwa kijana aliyemaliza darasa la saba, kama walivyokuwa baadhi ya waliojitolea miaka ile, atamkosoaje mzee wa rika la baba yake? Huo ni upole wenye sumu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kumsifu mzee kwa kusoma asichokisoma ni kumdharau kwa sura ya heshima. Maana siku atakapofika penye mizani, tarakimu hazitamstahi, na mwenye hila atamwibia jasho lake huku cheti kikiwa mfukoni.

Heshima na ukweli havigombani. Tangu siku ya kwanza mwalimu amwulize mwanakisomo anataka aweze kufanya nini, wakubaliane, kisha wapime pamoja kwa kazi yenyewe. Stakabadhi na isomwe. Barua na iandikwe, apewe mtu asiyejua yaliyomo, ionekane kama ataielewa. Mwanakisomo atangulie kusema penye udhaifu wake, na asipopaona, mwalimu amwonyeshe. Kijana amwamkie mzee shikamoo, kisha amweleze kosa lake waziwazi, pasipo kicheko wala hadhara.

Ndugu mwanafunzi, huenda kesho ukaitwa kufundisha watu wazima kijijini kwako. Kabla hujatoa alama, jiulize: mzee huyu akitoka hapa, ataweza kulifanya lile alilolijia? Kama hawezi, mwambie. Na kazi iendelee.