Hatari si Hukumu

Kijana wa Fizi au wa Baraka akianza kusikia sauti wasizozisikia wenzake, je, ni haki kumwita mwenda wazimu? La. Ubongo ni kiungo cha mwili. Nao huweza kuugua pasipo kosa la mtu.

Wataalamu huupiga picha kwa mtambo, pasipo kupasua kichwa. Mwaka 2021 walitangaza habari za vijana wa nchi nyingi waliokuwa katika hatari ya kurukwa na akili. Ganda la ubongo wao lilikuwa jembamba kidogo kuliko la wazima. Lakini katika wale walioangaliwa kwa muda, 253 waliugua, 1,234 hawakuugua.

Basi Mkristu asimkimbie kijana huyo wala asimfunge kamba. Ampeleke hospitali mapema, amwombee, na kumwita kwa jina lake.