Mchanga Ndani ya Kopo

Miaka ya 1970, kabla video haijaingia majumbani, sinema ya mtaani kwetu Unguja ilijaa hadi watu wakasimama ukutani. Nilikuwa bado nasoma. Jioni nikikaa mlangoni kuchana tiketi. Mchezo wa Kihindi ukisifika, tiketi zilikwisha mapema, walanguzi wakaziuza nje kwa bei waitakayo.

Nakala ya picha ilikuwa moja, nyumba za sinema mbili. Wenzetu walianza saa tatu usiku, sisi saa tatu unusu. Mkanda ukishaonyeshwa kule, unaviringishwa upya, unatiwa ndani ya kopo lake, unafungwa kwenye keria ya baiskeli na kuletwa kwetu. Mkanda mmoja huenda dakika 20 hivi, kwa hiyo mpelekaji hana nafasi ya kusimama barazani kutazama keram.

Usiku mmoja kijana wetu alisimama. Alipogutuka, muda umekwenda; akaondoka mbio bila kukaza mpira wa keria. Kopo likaanguka, kifuniko kikafunguka, mkanda ukamwagika mchangani. Akauzoa, akauviringisha kwa mikono.

"Mwanangu, mbona una vumbi? Umeanguka?" fundi wa mashine akamuuliza.

"Hapana, mzee. Upepo tu."

Ukumbini watu wanapiga miluzi. Fundi akamwamini, akaupachika.

Laiti angesema! Fundi angeupitisha taratibu kwenye kitambaa laini, watu wangengoja kidogo, basi. Lakini chembe ya mchanga ikinasa ndani ya mashine, pale picha 24 zinapopita kila sekunde, haiachi hata moja bila kuikwaruza. Tukaona mstari wa kijani unashuka usoni mwa stelingi. Stelingi akaondoka, mstari ukabaki. Ukaingia hadi mkanda uliofuata, ambao haukuwahi kugusa mchanga.

Kopo kuanguka si kosa la kumfukuzisha mtu kazi. Kilichomfukuzisha ni jawabu lile, na mimi, ingawa nilimpenda, naona ilikuwa haki. Nakala ile ilikuwa ya kukodi, na watu wa Tanga walikuwa wanaingojea. Nao wakaja kukata tiketi na kutazama mkwaruzo wetu.

Hasara aliibeba mwenye sinema. Aliyerithi baiskeli alikuwa kijana mwaminifu sana, lakini tangu hapo kila kopo alilolileta lilifunguliwa na kukaguliwa mbele yake kwanza, nasi tukawa tunawachelewesha watu kila usiku.